Mzigo wa Mwenzio

Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi. Nimewaeleza wanachuo usufi ni nini, nimewaonyesha msufi uliokuwa nyuma ya bweni, na nimewaambia kwamba mtu anayetazama mzigo juu ya kichwa cha mwingine huuona mwepesi kama usufi wa kujazia mito. Wao waliyaandika maelezo yangu katika madaftari yao na wakafaulu mitihani. Lakini mimi mwenyewe maana ya methali hiyo niliipata nje ya darasa, katika uwanja wa kuegeshea lori la chuo, na gharama ya somo hilo aliilipa mtu mwingine.

Aliyenirudisha katika habari hiyo ni mjukuu wangu. Kijana huyu ameajiriwa hapa mjini Tanga katika ofisi ya wasafirishaji wa mizigo, na kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta akiangalia malori yanavyokwenda. Kila lori limefungwa chombo kinachotoa habari za mahali lilipo, mwendo wake na kiasi cha mafuta kilichomo ndani ya tangi. Jioni moja mwaka jana alikuja kutujulia hali, akala nasi ubwabwa kwa samaki, kisha akaanza kulalamika.

"Babu," akaniambia, "tuna dereva mmoja mwizi. Wenzake wote wanakwenda Arusha na kurudi kwa mafuta tuliyowapangia. Yeye kila safari anazidisha. Mwezi huu tunamkata mshahara."

Nikamwuliza, "Alibeba tani ngapi?"

Kijana akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la somo jingine. "Hilo siliangalii, Babu. Mimi naangalia kilomita na lita."

Nilinyamaza kwa muda mrefu, hata mke wangu akadhani nimesinzia. Maneno yale yale nilikuwa nimeyasema mimi, kwa kinywa changu, mbele ya watu, mwaka 1982.

Msomaji kijana huenda asielewe jinsi mafuta yalivyotutawala miaka ile. Vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973 ilipopandisha bei ya mafuta duniani karibu mara nne katika miezi michache, mimi nilikuwa bado mwanachuo wa ualimu. Nchi yetu ilikuwa na kiwanda chake cha kusafishia mafuta, TIPER, pale Kigamboni tangu mwaka 1966. Lakini mafuta ghafi yenyewe yalinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni kwetu sisi watu wa Tanga zilikuwa na sura moja tu, nayo ni katani. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani. Baada ya hapo nyuzi za plastiki ziliingia sokoni, mashamba yakaanza kumezwa na magugu, na kila mwaka ilibidi tuuze katani nyingi zaidi ili tupate mafuta yale yale. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na malori ya nchi nzima yakaelekezwa vitani. Mwaka 1979, tulipodhani tutapumua, mapinduzi ya Iran yakapandisha tena bei ya mafuta.

Basi Serikali ikabana. Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya binafsi hayakuruhusiwa barabarani ila kwa kibali. Mji wa Tanga, ambao siku zote ni mji wa baiskeli, saa hizo ulikuwa wa baiskeli peke yake. Ungeweza kusikia kengele za baiskeli kutoka mtaa wa pili. Dizeli ya taasisi ilitolewa kwa mgao, kwa karatasi iliyogongwa mhuri, na karatasi hiyo haikuwa na maana yoyote kama kituo cha mafuta kilikuwa kikavu. Nimewahi kumwona mkuu wa taasisi, mtu mzima mwenye suti ya Kaunda, akilala ndani ya gari kwenye foleni ili asipoteze nafasi yake.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa na lori moja la tani saba, na lori hilo ndilo lililokuwa tumbo la chuo. Lilileta unga na mahindi kutoka ghala la Shirika la Usagishaji, lilileta maharage na kabichi kutoka milima ya Lushoto, lilileta kuni, na wakati wa mazoezi ya kufundisha liliwapeleka wanachuo na magodoro yao Pangani, Muheza na Handeni. Wanachuo mia kadhaa walikula au hawakula kwa kutegemea lori hilo. Mkuu wa chuo wa wakati ule alinipa mimi usimamizi wa usafiri, akisema kwamba mwalimu wa hisabati hawezi kudanganywa na hesabu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Sifa ile niliipokea kwa mikono miwili.

Haukupita muda mrefu tukapokea waraka kutoka ofisi iliyokuwa juu yetu. Waraka ulisema kwamba malori ya ukubwa wa lori letu yasitumie zaidi ya lita moja kwa kila kilomita nne, na kwamba dereva atakayeshindwa kufikia kiwango hicho atoe maelezo. Nataka kuutendea haki waraka ule. Nia yake ilikuwa njema, na ubaya uliokusudiwa kuzuiwa ulikuwapo kweli. Dizeli ilikuwa ikinyonywa kwa mpira usiku na kuuzwa kwa debe vichochoroni. Madereva wasio waaminifu walikuwapo, na wakubwa wasio waaminifu walikuwapo zaidi. Serikali ilikuwa na haki, tena ilikuwa na wajibu, wa kutaka kujua lita ilikwenda wapi. Nilichora fomu nzuri yenye safu za tarehe, safari, kilomita, lita, na mwisho kilomita kwa lita. Nikaibandika ukutani.

Dereva wetu alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya. Wanachuo walimwita Mzee wa Lori, nami nitamwita hivyo hivyo. Alijifunza udereva katika malori ya mashamba ya katani kabla ya Uhuru. Kila alfajiri aliyapiga matairi kwa rungu akisikiliza sauti yake, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hula mafuta. Hakuacha injini ingurume bure hata dakika mbili. Alisafisha chujio la dizeli yeye mwenyewe, akikaa juu ya debe lililopinduliwa, kama mvuvi anayetengeneza wavu. Kitabu cha safari alikijaza kwa herufi za kizungu, polepole na kwa makosa, lakini alikuwa na kijitabu chake kingine cha mfukoni alichokiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili, kama wazee wengi wa pwani waliosoma chuoni kwa maalimu. Mimi ni Mbondei niliyesomeshwa na misheni. Herufi zile sikuzijua, na kwa sababu sikuzijua, sikuziuliza.

Katika miezi mitatu ya fomu yangu, Mzee wa Lori hakufikia kilomita nne hata mara moja. Wastani wake ulikuwa kilomita tatu kwa lita. Nikapiga hesabu ya tofauti, nikaijumlisha, nikapata madebe, nikayabadilisha madebe kuwa shilingi za soko la magendo. Katika mkutano wa wafanyakazi wote, Oktoba 1982, nilichora mchoro ubaoni kwa chaki ya rangi. Mkuu akamtaka mzee ajieleze.

Akasimama, kofia yake ya kiua mkononi. Akasema, "Mwalimu amepima njia. Mzigo hakuupima."

Watu wakacheka. Walidhani anafumba methali ili apate mlango wa kutokea. Nami nikajibu, kwa sauti ya darasani, "Mzee, mimi naangalia kilomita na lita." Watu wakacheka tena, safari hii kwa kunipongeza. Mzee akaketi. Wiki iliyofuata aliondolewa katika lori, akawekwa mlinzi wa lango. Posho ya safari ikakatika. Katika jalada lake niliandika barua yenye maneno "anashukiwa kwa wizi wa mafuta ya Serikali." Tangu siku hiyo nilipopita langoni sikumwamkia. Yeye alikuwa na umri wa baba yangu.

Dereva mpya alikuwa kijana mwepesi, msomi wa darasa la saba. Aliisoma fomu yangu ukutani siku ya kwanza na akaielewa kuliko mimi. Mwezi wa kwanza alipata kilomita 4.2 kwa lita. Nikamwandikia barua ya pongezi, mkuu akaitia sahihi, akaipiga mhuri.

Mambo mawili yalitokea ambayo fomu yangu haikuwa na safu ya kuyaandika. La kwanza, mwalimu wa jiko alikuja kulalamika kwamba lori linakuja na magunia machache. Nikamwambia aandike. La pili, mgao wetu wa dizeli, ambao zamani ulifika tarehe ishirini na tano au zaidi, sasa uliisha kati ya mwezi. Nikasema mgao wenyewe umepunguzwa. Mtu akishaamini namba yake, hupata sababu ya kila kitu kingine.

Mwezi Machi 1983 lori lilikuwa likishuka kutoka Soni kwenda Mombo. Anayeijua barabara ile anajua jinsi inavyojipinda ukingoni mwa genge, mto ukiwa chini kwa upande mmoja. Kijana alikuwa ameondoa gia ili lori lishuke lenyewe na dizeli ibaki. Breki zikapata moto, zikachoka, na katika kona moja lori likaegemea ukuta wa mlima, likalala kwa ubavu. Kabichi zilibiringika mpaka mtoni. Kijana hakuumia. Utingo aliyekuwa juu ya mzigo alivunjika mguu vibaya, na baada ya siku chache ukakatwa chini ya goti. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilikwenda hospitali, nikamkuta dereva ameketi sakafuni nje ya wodi. Nikamwuliza kwa nini aliondoa gia katika mteremko ule. Akajibu bila kuninyanyulia macho, "Nilikuwa nailinda ile barua yangu, Mwalimu."

Ningepaswa kutanabahi pale pale, lakini sikutanabahi. Niliandika taarifa ya ajali, nikaandika "uzembe wa dereva." Kilichonifumbua macho kilikuwa hofu.

Aprili mwaka huo, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilikuwa ikiendelea nchini. Msomaji mtu mzima anakumbuka. Watu walitupa bidhaa baharini usiku ili zisikutwe nyumbani kwao. Sheria maalumu ilipitishwa, na mahakama za namna ya peke yake zikaundwa. Taasisi nazo zilitakiwa kutoa majina ya wanaotuhumiwa kuhujumu mali ya umma. Mkuu wa chuo akaniita, akaniambia nilete jalada la yule mzee wa langoni, litapelekwa mjini keshokutwa.

Nilichukua jalada nyumbani jioni ile. Karatasi ni yangu, mwandiko ni wangu. Nilijua kwamba kwa karatasi ile moja, katika siku zile, mtu angeweza kuondoka na asirudi kwa muda mrefu. Ndipo kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo ningemfunga mwanafunzi wangu kwa kutoliuliza: kama mzee aliiba, ushahidi uko wapi zaidi ya namba? Na kama namba ndiyo shahidi, je, nimempima shahidi huyo?

Saa tatu usiku nikashuka langoni. Nikasema, "Shikamoo, Mzee." Miezi sita nilikuwa sijamwamkia. Hakuitikia mara moja. Alipandisha utambi wa kandili, akaniangalia, ndipo akasema, "Marahaba, Mwalimu. Karibu ukae."

Nikamwuliza kuhusu mzigo. Hakunisimanga. Akaingiza mkono katika koti, akatoa kile kijitabu. Akakisoma kwa sauti kwa mwanga wa kandili, kutoka kulia kwenda kushoto, safari baada ya safari, nami nikaandika: magunia mangapi ya unga, magunia mangapi ya maharage, kuni, wanachuo wangapi na magodoro yao, mvua au jua, kwenda Lushoto au kwenda Pangani. Miezi mitatu yote ilikuwamo. Hakuwa amekosa safari hata moja.

Nilirudi nyumbani nikaifanya hesabu ile upya, na hapa namwomba msomaji anifuate, kwa sababu ni hesabu ya darasa la sita. Tuchukue safari ya kilomita 210 kwenda na kurudi. Mzee, kwa kilomita tatu kwa lita, alitumia lita 70. Kijana, kwa kilomita 4.2 kwa lita, alitumia lita 50. Kwa fomu yangu kijana ameshinda. Lakini mzee alirudi na tani saba, na kijana alirudi na tani mbili. Kwa mzee kila tani ilikula lita 10. Kwa kijana kila tani ilikula lita 25. Kuleta tani 14 chuoni, mzee angekwenda safari mbili na kutumia lita 140. Kijana angekwenda safari saba na kutumia lita 350. Niliyemwita mwizi alikuwa akiliokolea taifa dizeli, na niliyempongeza alikuwa akiimwaga kwa idhini yangu, tena kwa mhuri.

Kulikuwa na jingine alilonieleza usiku ule. Lori la dizeli linaposhuka mlima likiwa katika gia, na dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, pampu haipeleki dizeli karibu yoyote, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiondoa gia, injini hubaki inanguruma peke yake na lazima ilishwe ili isizime. "Basi wewe umepoteza breki ya injini," alisema, "na mafuta hukuyapata." Mguu wa yule utingo ulikatwa kwa ajili ya akiba ambayo haikuwapo.

Asubuhi nilimpelekea mkuu barua ya pili, yenye hesabu zote, nikifuta tuhuma. Mkuu alikuwa mtu wa haki. Jalada halikwenda mjini. Alimwita mzee akamrudishia lori, ambalo wakati huo lilikuwa bado gereji. Mzee akakataa. Alisema macho yake yamechoka. Macho hayo hayo nilikuwa nimeyaona yakisoma herufi ndogo kwa mwanga wa kandili.

Nilimwomba radhi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, lakini si kweli yote. Nilimwomba radhi langoni, usiku, tukiwa wawili. Tuhuma niliitoa mchana, ubaoni, kwa chaki ya rangi, mbele ya wafanyakazi wote. Mkutano wa kuifuta sikuuitisha. Nilijiambia kwamba barua imetosha, kwamba jambo limekwisha, kwamba kulifufua kutamwaibisha yeye. Aliyeogopa aibu nilikuwa mimi. Mzee alistaafu, akarudi kwao pwani, na wapo waliokuwa katika mkutano ule ambao mpaka wanazikwa walimjua kama dereva aliyeiba dizeli.

Miaka ikapita. Nilikuja kuwa mkuu wa chuo, nikastaafu mwaka 2010, na katika ustaafu wangu nimekuwa na tabia ya kusoma habari za mambo haya kila ninapozipata. Nimeona kwamba wakubwa wa dunia nao walijikwaa penye kisiki hicho hicho. Marekani ilitunga sheria ya matumizi ya mafuta ya magari madogo mwaka 1975, baada ya shida ile ile iliyotufunga sisi Jumapili. Malori makubwa iliyaacha kwa zaidi ya miaka thelathini, na sababu moja kubwa ni ugumu wa kuyapima. Gari dogo hubeba watu wachache siku zote. Lori leo limebeba saruji, kesho sponji, keshokutwa halina kitu. Japani ilitangulia kuweka kanuni za malori mwaka 2006. Marekani ilitangaza za kwake mwaka 2011, na kwa matrekta ya kuvuta tela haikuhesabu maili kwa galoni kama kwenye magari madogo; ilihesabu galoni kwa kila tani 1,000 zinazosafirishwa maili moja. Umoja wa Ulaya ulipofuata mwaka 2019 ulipima moshi wa malori kwa gramu kwa kila tani kwa kila kilomita. Njia na mzigo, vyote viwili. Niliposoma hayo niliweka karatasi chini. Wahandisi wa mataifa makubwa walikuwa wamefika, kwa maabara na kompyuta, mahali ambapo mzee wa Tanga alisimama mwaka 1982 na kofia yake mkononi.

Hapa kwetu sheria ya kumwambia mwenye lori kwamba lita moja ikupeleke umbali kadhaa hatunayo. Serikali inayashika mafuta kwa mikono mingine. Tangu mwaka 2009 EWURA hupanga bei kikomo, na watu husubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi kama zamani walivyosubiri mwandamo. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei mpaka lita ya petroli ikavuka shilingi 3,000, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni ili kupunguza makali. Dizeli yenyewe imesafishwa: tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipunguza sana kiasi cha salfa kinachoruhusiwa ndani yake. Na barabarani ipo mizani. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, lori halipaswi kuzidi tani 56, gari na mzigo pamoja, hata likiwa na ekseli nyingi kiasi gani. Mizani imewekwa kulinda lami, lakini mimi huitazama kwa jicho jingine: ni mahali pekee katika safari nzima ambapo mzigo unapimwa na kuandikwa.

Siku itafika ambapo na sisi tutatunga kanuni za mafuta ya malori. Bandari ya Tanga imeongezwa kina na gati zake zimeboreshwa, malori yameongezeka, na pale Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Wala sisemi kwamba kanuni ni mbaya. Mali ya umma isiyopimwa huibiwa, na mimi niliyeishi miaka ya foleni siwezi kusema vinginevyo. Ninachowaomba watakaoandika kanuni hizo ni kwamba, kabla ya kuchagua namba, wamwite anayeshika usukani na wamsikilize mpaka mwisho, hata akizungumza kwa mafumbo. Kwa maana namba utakayoipima ndiyo mtu atakayoifanyia kazi, na zile usizozipima atazitupa njiani, kama kabichi za Soni.

Jioni ile nilimsimulia mjukuu wangu habari hii yote. Hakusema kitu. Nikamwambia, kabla hujamkata mtu mshahara wake, nenda katafute karatasi za mizani za safari zake na za wenzake. Kumbuka Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari, na tani hazipandi bure.

Alirudi baada ya majuma matatu. Katika safari saba, dereva yule alikuwa amebeba mizigo mizito kuliko wenzake mara sita, kwa sababu ndiye mzoefu na ofisi humpa yeye mizigo ya saruji. Mshahara haukukatwa. "Lakini safari moja, Babu," akaniambia, "mzigo ulikuwa mwepesi na mafuta yalipungua. Hiyo bado hatujaielewa." Nikamjibu kwamba hiyo ni haki yake kuiuliza, amwulize peke yake, si mbele ya watu, na akimwona ana hatia basi amwambie. Katika kompyuta yake ameongeza safu moja. Ameiita "tani."

Mimi sina tena ubao wala wafanyakazi wa kuwakusanya. Wengi wao wamekwisha tangulia. Nina kitabu hiki, na wewe msomaji uliyenivumilia mpaka hapa. Basi uwe wewe mkutano wangu: Mzee wa Lori hakuiba dizeli. Nilikosea mimi.